Sultani wa Nyoka: Joka Aliyemfundisha Utabibu Msaliti Wake

Majoka wengi wa hekaya za Ulaya kazi yao ni kulalia dhahabu wakisubiri mkuki. Mimi nataka tumtazame mwingine: Sultani wa Nyoka katika kisa cha Hasibu Karim, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Kisa hiki kina ndugu yake katika Alfu Lela Ulela, ila huko mtawala wa nyoka ni mwanamke.

Hasibu ni mtoto wa tabibu, kazi zote zimemshinda. Wakata kuni wenzake wanamtelekeza shimoni. Joka anampokea, anamlisha, anamwambia wazi kwamba atakuja kumsaliti. Na bado anamwachia aende zake! Mhusika gani huyu?

Usaliti unatimia: mfalme mgonjwa, na dawa ni joka mwenyewe. Hapa wahakiki wengi hukimbilia "binadamu hana shukrani", basi, wameishia mlangoni. Mimi naona utamu uko chunguni. Joka anataka abebwe na Hasibu mwenyewe, na njiani anamfundisha mapishi: la kwanza ni sumu, ampe waziri aliyemtesa, la pili anywe yeye, apate ujuzi, la tatu ndilo la mgonjwa.

Kwa hiyo wanaomwita joka mpole tu, eti mhanga, sikubaliani nao. Ana hesabu zake. Katika chungu kimoja analipa kisasi, anaponya, na anamrithisha Hasibu kazi ya babake.