Je, Mafuta Huteleza juu ya Chuma?

Reli itokayo Tanga kwenda Moshi hupita Same, katika tambarare kame iliyo chini ya Milima ya Upare. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mabehewa yanayopita hapo hubebwa na kitu chembamba kuliko unywele: utando wa mafuta ulio kati ya chuma kinachozunguka na chuma kilichotulia. Utando huo ukikatika, vyuma hugusana, beringi hupata moto, na ekseli huweza kukatika safarini. Lori linaloteremka kutoka Mamba na shehena ya tangawizi nalo hutegemea utando kama huo katika injini na gia zake.

Kizibo kilichosukumwa

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya beringi za aina iliyotumika katika reli. Alipotoboa tundu juu ya beringi, mafuta yalipanda na kumwagika. Aliziba tundu kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje. Kanieneo ya mafuta ilikuwa imezidi mara mbili ya wastani wa mzigo.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1886 na Osborne Reynolds wa Manchester. Ekseli inapozunguka huyakokota mafuta na kuyaingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba kama kabari. Mafuta yakisongamana humo, kanieneo hupanda na kuubeba mzigo. Lakini Reynolds alichukulia kwamba mafuta yanayogusa chuma hushikamana nacho na kwenda kwa mwendo uleule. Je, yakiteleza?

Hesabu ya utelezi

Navier, mwanasayansi wa Ufaransa, alikwisha kufikiria jambo hilo mwaka 1823. Kutokana na wazo lake hupatikana kipimo kiitwacho urefu wa utelezi: ni umbali ndani ya chuma ambako mwendo wa mafuta ungelingana na wa chuma, kama ungeendelea kubadilika kwa kadiri ileile.

Tuchukue bapa mbili sambamba, moja ikienda na nyingine imetulia, na mafuta yakiteleza juu ya ile iendayo tu. Sehemu ya mafuta inayoendelea kukokotwa ni unene wa utando ukigawanywa kwa jumla ya unene huo na urefu wa utelezi. Utelezi ukiwa mikromita 0.25 na utando mikromita 25, hubaki asilimia 99, hasara haionekani. Utando ukiwa mikromita 1, hubaki asilimia 80 tu. Mafuta yanayoingia yakipungua, utando hukonda. Na kadiri unavyokonda, ndivyo utelezi uleule unavyozidi kudhuru.

Ndiyo maana suala hili lina uzito zaidi leo. Beringi za kale za reli zilikuwa na utando mnene kiasi; katika beringi za rola na katika meno ya gia, utando mara nyingi haufiki mikromita 1.

Hata hivyo, utelezi si adui daima. Ukitokea upande uliotulia, mafuta hukokotwa vizuri na msuguano hupungua. Mwaka 2003 Hugh Spikes wa Imperial College, London, alieleza nadharia ya beringi ya namna hiyo, ambayo mafuta huushika upande mmoja tu.

Funzo kwa fundi

Juu ya chuma cha kawaida na kwa mafuta ya kawaida, utelezi ni mdogo mno. Huongezeka pale uso unapokuwa laini sana na wenye kuyakataa mafuta. Kwa fundi wa Same, maadui wa kila siku ni joto, ambalo hupunguza mnato wa mafuta, na vumbi, ambalo chembe zake huweza kuwa kubwa kuliko unene wa utando wenyewe. Mafuta ya mnato unaofaa na chujio safi ndiyo ulinzi wa kwanza wa utando huo usioonekana.