Kiwanja cha Naitiri na Somo la Wachoraji wa Viwanja

Nyumba ina mwenyewe na msikiti una waumini wake, lakini uwanja wa michezo ni wa nani? Swali hili si la mzaha, wasomaji wangu, kwani katika miaka hii michache fedha nyingi za umma zimemwagwa katika viwanja vya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, na tangu hapo kila serikali imekuwa mbioni. Nairobi ulianza kujengwa uwanja wa Talanta mwaka 2024, wa kuchukua watu 60,000. Huko Hoima, Uganda, kampuni ya Summa ya Uturuki imejenga uwanja wa watu 20,000. Unguja nako, uwanja wa Amaan, ambao ulifunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ulifanywa upya na kampuni ya Orkun, Waturuki vilevile, ukafunguliwa tena Desemba 2023.

Katika habari zote hizi tunatajiwa aliyetoa fedha, aliyekata utepe na aliyejenga. Aghalabu hatutajiwi aliyechora. Na kwa hakika mchoraji ndiye anayeamua nani ataona mpira na nani ataona kisogo cha mwenzake, nani atakaa kivulini na nani atachomwa na jua, na maji ya mvua yatakwenda wapi. Haya yote huamuliwa katika karatasi kabla jembe la kwanza halijapiga ardhi.

MABISHANO YA NAITIRI

Mambo haya niliyaona wazi zaidi katika mahali ambapo hapana stediamu hata moja. Naitiri ni mji mdogo wa soko katika eneo la Tongaren, kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale. Ni nchi iliyokuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, ikaja kugawiwa wananchi katika mipango ya makazi baada ya uhuru. Leo ni mahindi kila unapotupa jicho, na siku ikiwa nyeupe Mlima Elgon huonekana upande wa machweo. Mvua yake si masika na vuli kama yetu sisi watu wa pwani. Huanza Machi au Aprili ikaendelea mpaka Oktoba, na mara nyingi hushuka alasiri, saa ile ile ya mpira.

Watu wa huko na mpira ni chanda na pete. Wazee wetu wa Mombasa watakumbuka kwamba mwaka 1965 ubingwa wa Kenya ulitwaliwa na Feisal yetu, na mwaka uliofuata ukachukuliwa na Abaluhya, timu ambayo sasa ni AFC Leopards. Kwa hiyo sikustaajabu nilipokuta wazee, walimu na akina mama wa kijiji kimoja cha viunga vya Naitiri wakibishana juu ya kiwanja chao cha mpira kana kwamba ni mahari ya binti.

Kisa chenyewe ni hiki. Walikuwa wamechanga fedha kwa harambee, si nyingi, wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilitaka ukuta wa mawe na lango la chuma, kiwanja kionekane kuwa stediamu na kiingilio kipate kutozwa. Kundi la pili lilitaka kwanza kiwanja kisawazishwe na kuchimbwa mifereji, kwa sababu mvua ikinyesha maji hutuama mbele ya goli hata bata wakaogelea. Mama mmoja muuza mboga alisema kwamba ukuta utawazuia wao wasiokuwa na kiingilio, lakini maji hautayazuia. Watu walicheka, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia.

Nami nilitazama magoli nikaona jambo la tatu ambalo halikuwa katika mabishano yao. Yalikuwa yametazamana mashariki na magharibi. Jua huzama upande wa magharibi, na ifikapo saa kumi na moja kipa wa goli la mashariki hulipokea usoni kama taa ya gari.

JUA, KIBLA NA UPEPO

Mchoraji yeyote aliyesomea kazi hii huanza na jua. Uwanja wa kandanda hulazwa kaskazini kwa kusini, ili jua la jioni liwapige wachezaji ubavuni wala si machoni. Jukwaa kuu nalo huwekwa upande wa magharibi, watazamaji wakalipa jua mgongo. Sisi watu wa pwani tuna njia nyepesi ya kulikumbuka jambo hili. Kutoka Mombasa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, ndiyo maana mihirabu yetu imeelekea huko. Basi mtu wa Mombasa akisimama goli la kusini akalitazama goli la kaskazini, amekwisha kuelekea kibla. Naitiri kibla huelemea mashariki kidogo tu. Bali pwani yetu ina mtihani wake: uwanja uliolala hivyo hupokea kaskazi na kusi kwa urefu, na kila mchezaji wa zamani anajua maana ya kupiga mpira dhidi ya kusi la Julai.

Jambo la pili ni jicho. Mchoraji huvuta mstari kutoka jicho la mtazamaji mpaka ukingo wa uwanja, kisha hupima unapita juu ya kichwa cha aliye mbele kwa kiasi gani. Sentimita 12 ni raha, 9 zinatosha, 6 ni za kuvumilia, na chini ya hapo mtu huinuka akasimama, na akisimama mmoja husimama wote. Kwa sababu hiyo ngazi za uwanja mzuri haziendi kwa mwinamo mmoja: kila ukirudi nyuma huzidi kuwa wima. Aliyekaa nyuma ya mzee mwenye kilemba ataelewa hesabu hii bila ya kufundishwa.

MAREKANI WALIKOPITIA

Nchi ambayo kazi ya kuchora viwanja imekuwa taaluma kamili ni Marekani, hasa kwa ajili ya besiboli. Mchezo wenyewe ni ndugu wa raunda wanayocheza wasichana wa shule zetu za msingi: mmoja hutupa, mmoja hupiga kwa gongo, kisha mpigaji hukimbia kupitia vituo vinne mpaka arudi alikoanzia. Sheria hufunga baadhi ya vipimo: kituo na kituo ni mita 27.4, na mtupaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Hata jua limetajwa, kwani hupendekezwa mpigaji aelekee upande wa mashariki. Lakini umbali wa ukuta wa nje kila mji hujipangia wenyewe, juu ya kiwango cha chini kilichowekwa. Huko Boston, uwanja wa Fenway uliofunguliwa mwaka 1912 ulibanwa na barabara upande mmoja, wakaweka ukuta wa kwenda juu zaidi ya mita 11 kuziba upungufu wa nafasi. Ukuta huo sasa ndio sifa yake. Ardhi iliuchora uwanja kabla ya mchoraji.

Viwanja vya mwanzo vilikuwa vya mbao na vikiteketea kwa moto mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1909, Philadelphia na Pittsburgh zilipojenga kwa chuma na zege, kazi ikaingia mikononi mwa wahandisi. Kampuni ya Osborn ya mji wa Cleveland ndiyo iliyochora Yankee Stadium ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1923. Halafu katika miaka ya 1960 na 1970 ikaja tamaa ya uwanja mmoja kwa michezo yote. Vikajengwa vya mviringo, vya zege tupu, vinavyofanana kama sahani za seti moja: St. Louis, Cincinnati, Pittsburgh, Philadelphia. Vilifaa michezo yote na havikufaa hata mmoja, kwani mtazamaji wa besiboli aliwekwa mbali na mchezo. Vyote hivyo vinne vimekwisha kubomolewa.

Mageuzi yalitoka Kansas City, ambako mwaka 1983 lilianzishwa tawi la wasanifu wa michezo tu, HOK Sport, ambalo tangu mwaka 2009 huitwa Populous. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilifungua Camden Yards mjini Baltimore. Badala ya kukimbilia nje ya mji, uwanja uliwekwa katikati yake. Kiwanja kikachimbwa chini ya usawa wa barabara ili majukwaa yasiwe mlima. Na ghala kuukuu la matofali la shirika la reli, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, halikuvunjwa bali lilifanywa kuwa sehemu ya mandhari. Miji mingi ya Marekani ikaiga. Msomaji anayeshabikia Arsenal naye amefikiwa na mkono huo huo, kwani uwanja wa Emirates wa London, wa mwaka 2006, ni kazi yao.

Lakini tusidanganyike na uzuri. Camden Yards ulijengwa kwa fedha za umma, kupitia shirika la serikali ya jimbo la Maryland, na ndani yake mna vyumba vya kifahari vya wenye mali. Mlipa kodi alijenga, na mwenye mali ndiye aliyekaa pazuri zaidi. Hapa tunarudi kwa neno la yule mama muuza mboga.

UDONGO WA NYUMBANI

Somo lililo karibu nasi zaidi halitoki Baltimore. Liko Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ambako mwaka 2017 ulifunguliwa uwanja wa kriketi uliochorwa na wasanifu wa Light Earth Designs. Jengo lake ni makuba matatu yanayoruka kama mpira unaodunda. Upana wa kuba kubwa unafika mita 16, na halina nondo za chuma kama zege. Limejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa huko huko, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila ya kuchomwa tanurini. Vigae hupangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati hutandazwa wavu wa plastiki wa kustahimili tetemeko la ardhi. Walioyajenga ni mafundi wa Rwanda, wengi wao wakifundishwa kazi hiyo papo hapo.

Jambo hili lisitushangaze sisi. Nyumba za mawe za Lamu zilichorwa na mkoko: vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Babu zetu hawakuagiza chuma ili wapate ukumbi mpana. Walichora kwa matumbawe, chokaa na boriti walivyokuwa navyo, na nyumba zikasimama karne nzima na zaidi. Naitiri nako nilikuta vijana wakifyatua matofali kando ya kijito na tanuri likifuka moshi. Vifaa vya jukwaa dogo vilikuwa vikiuzwa mita chache kutoka kiwanja chenyewe.

Simaanishi kwamba kijiji kiige makuba ya Gahanga, ambayo yalihitaji hesabu za wahandisi mabingwa. Ninasema kwamba mpangilio wa kazi ni ule ule. Kwanza upimwe mteremko na kuamuliwa maji yaende wapi. Pili magoli yageuzwe kaskazini kwa kusini, kazi ambayo gharama yake ni jasho tu kabla ya kujenga, na ni kubomoa baada ya kujenga. Tatu, ule udongo utakaochotwa katika kusawazisha usitupwe, bali urundikwe upande wa magharibi uwe tuta la ngazi, lioteshwe nyasi, watu wakae na jua likiwa mgongoni. Nne, choo cha wanawake na cha wanaume, na bomba la maji. Mpira wa saa kumi humalizika Magharibi ikikaribia, na mahali pa kutilia udhu hapamkeri asiyeswali. Ukuta na lango vije mwisho, ikiwa bado vitatakiwa.

Bungoma wenyewe wana mfano wa karibu. Uwanja wa Masinde Muliro, pale Kanduyi, ulifanyiwa ukarabati mkubwa ili kupokea sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024. Wageni walikuja, gwaride likapita, hotuba zikasomwa. Sherehe ni ya siku moja, lakini uwanja hupimwa kwa siku nyingine 364, watoto wanapokuja na mpira wao wala hapana mgeni wa heshima. Sisi wa Mombasa hatuna la kuwacheka, kwani uwanja wetu wa manispaa ulifungwa kwa ukarabati mwongo uliopita, na vijana walioahidiwa wakati ule wamekwisha kuwa baba za watu.

Nilipoondoka Naitiri mabishano yalikuwa hayajesha. Hata hivyo mwalimu wa michezo alikuwa amekwisha kupigilia vijiti vinne vya kuonyesha magoli mapya yatakapokaa, na wazee wa ukuta walikuwa wakivizunguka, wakivitazama na kulitazama jua. Watu wanaobishana juu ya kiwanja kabla ya kujenga wamewatangulia wengi wanaobishana baada ya fedha kwisha. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, walisema wahenga. Nasi tumeona mahali pengi ukuta ukijengwa kwanza, ufa ukaachwa ndani. Basi halmashauri yoyote, ya pwani au ya bara, itakapotuonyesha picha ya uwanja mpya uliopakwa rangi za kupendeza, tuulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi: maji yatakwenda wapi, jua litampiga nani, na asiye na kiingilio atakaa wapi.