Mikrovolti Zinazopotelea Kwenye Nyaya

Kifaa rejea cha volti kina kazi moja tu: kutoa volti 10 zilezile leo, kesho na mwakani. Ndani yake mna dayodi ya zena, mara nyingi iliyofukiwa chini ya uso wa silikoni na kufungiwa kwenye kijitanuri kinachoshikilia joto mahali pamoja. Fluke 732B, kwa mfano, haitarajiwi kuhama zaidi ya sehemu 2 kati ya milioni kwa mwaka, yaani mikrovolti 20. Fundi asiye makini huweza kupoteza zaidi ya hizo kwa kukaza tu skrubu za nyaya, kisha akakilaumu kifaa.

Mkosaji wa kwanza ni joto la vidole. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliona sindano ya dira ikicheza karibu na kitanzi cha metali mbili kilichopashwa moto upande mmoja. Yeye alidhani ni usumaku. Kumbe ulikuwa umeme uliozaliwa na tofauti ya joto. Umeme huohuo huzaliwa kila mahali waya unapokutana na kituo cha metali nyingine. Shaba safi kwa shaba safi hutoa chini ya mikrovolti 0.2 kwa kila digrii. Shaba ikikutana na kova, aloi inayotumika kutengenezea miguu ya vipuri vingi, hupanda hadi mikrovolti 40 hivi. Shaba iliyofanya kutu, nayo, yaweza kufika mikrovolti 1,000 kwa digrii moja tu. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa cha bei ya kutisha, nunua msasa laini na usafishe ncha za shaba. Ukishafunga nyaya, funika vituo visipigwe na upepo wa feni au kiyoyozi, kisha usiviguse mpaka vipoe. Kusubiri huko hakuna njia ya mkato.

Masalia ya umeme huo wa joto hayaishi kabisa, ila yana udhaifu: hayageuki unapogeuza chanya na hasi ya chanzo. Ni kama muuza nafaka anayeshuku mizani yake: hubadilishana sahani na kupima tena. Tuseme unalinganisha vifaa rejea viwili na mita inasoma tofauti ya mikrovolti +4.1. Unageuza vyote viwili, inasoma −2.5. Tofauti halisi ni nusu ya 6.6, yaani 3.3, ile 0.8 iliyobaki ni ya nyaya na ya mita yenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna mbinu nyingine katika maabara ya umeme inayolipa vizuri hivi kwa gharama ndogo hivi.

Kugeuza hakuponyi kila kitu. Multimita yenye ukinzani wa megaohomu 10 hunyonya mkondo kidogo, na ukiweka ohomu 1,000 njiani, takriban milivolti 1 humezwa kati ya zile volti 10. Hiyo ni sehemu 100 kati ya milioni, na utageuza mpaka uchoke bila kuiona. Dawa yake ni mita yenye ukinzani wa gigaohomu 10 au zaidi, pamoja na nyaya fupi. Mzunguko wa ardhi, yaani mkondo unaozunguka kupitia nyaya za ardhi za vifaa vilivyounganishwa, nao hukatwa kwa kuchomoa kifaa kwenye umeme wa ukutani na kukiacha kifanye kazi kwa betri yake.

Mambo ya hewa husahaulika zaidi. Zena za kasha la plastiki hunyonya unyevu na volti yake husogea kwa misimu, ndiyo maana vifaa vya daraja la juu hutumia kasha la chuma lililozibwa. Hata hivyo shinikizo la hewa bado lina athari ndogo, na maabara ya kimataifa ya BIPM iliyoko Ufaransa huisahihisha inapolinganisha zena za nchi mbalimbali. Hewa ya Nairobi ina shinikizo dogo kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Anayesafirisha kifaa rejea kati ya miji hiyo, akitafuta usahihi wa mikrovolti chache, aandike usomaji wa barometa kando ya ule wa kipimajoto.