Ubundu: serikali ilipokuwa mwenye reli, mfanyakazi amshitaki nani?

Reli ya kilometa zipatazo 125 kati ya Kisangani na Ubundu, jimboni Tshopo, ilijengwa kwa sababu maporomoko ya maji yanazuia meli kupita Lualaba katika sehemu hiyo. Historia yake inaonyesha pia jinsi serikali zilizofuatana zilivyobadili msimamo kati ya kampuni kubwa na mfanyakazi.

Mwanzoni serikali ilikuwa upande wa kampuni. Mwaka 1902 dola la Leopold II liliipa kampuni ya CFL, ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, hekta milioni 4 za ardhi na kuihakikishia faida ya asilimia 4 ya mtaji wake. Treni ilifika Ubundu, wakati ule Ponthierville, mwaka 1906. Mwenye mtaji alikuwa na dhamana ya serikali. Mbeba mataruma hakuwa na chama wala haki ya kugoma.

Msimamo huo ulilegea baada ya damu kumwagika. Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wagomaji wa Union Minière kule Élisabethville, leo Lubumbashi. Mwaka 1945 Matadi nayo ikagoma. Mwaka 1946 wakoloni wakaruhusu Wakongomani kuunda vyama vya wafanyakazi, ila chini ya uangalizi mkali wa utawala.

Wakati wa Mobutu, mwaka 1967 ulileta sheria mpya ya kazi, lakini pia chama kimoja tu cha wafanyakazi, UNTC, chini ya utawala wa MPR. Mwaka 1974 reli za nchi ziliunganishwa katika shirika la taifa, SNCZ, ambalo leo ni SNCC. Serikali iliyokuwa mwamuzi ikawa pia mwajiri.

Vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1990. Sheria ya kazi ilifanywa upya mwaka 2002, na Katiba ya 2006 inalinda haki ya kugoma katika ibara ya 39. Hata hivyo, wafanyakazi wa SNCC wamepitia malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi, na treni ya Ubundu imelala kwa vipindi virefu huku mizigo ikipita kwa pikipiki na baiskeli.

Mgomo humuuma mwajiri pale unapokata mapato yake. Treni iliyokwisha kusimama haina mapato ya kukatwa, na mkaguzi wa kazi anayepaswa kuibana SNCC analipwa na serikali ileile yenye shirika.