Ndimu ni ya Samaki

"Daktari, nikinywa maji ya barafu na ndimu asubuhi, si mafuta ya kahawia yataamka yachome kitambi?" Swali hili nimeulizwa hapa kijijini Mwabungo mpaka nalijibu usingizini. Hayaamki.

Mafuta hayo yapo, sibishi. Mwaka 2009 ilithibitika kuwa hata watu wazima wanayo, kidogo tu, shingoni na juu ya mtulinga. Seli zake zimejaa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zenye chuma, ndiyo maana ya rangi ile, na protini ya UCP1 huziacha ziunguze mafuta zitoe joto tupu, kama jiko lililowashwa bila sufuria. Seli hizi ni ndugu wa misuli. Protini ya PRDM16 ndiyo huzizuia zisigeuke misuli. Kuna pia seli za beji, ambazo huchipuka katikati ya mafuta meupe ya kawaida, nazo husubiri amri: ngozi ihisi baridi, neva zimwage kemikali ya noradrenalini, jeni ya UCP1 ifunguke. Baridi ikikatika, hurudi kufanana na seli nyeupe. Watu wengine wana herufi moja tofauti ndani ya jeni ya FTO, inayoamsha jeni za IRX3 na IRX5 na kuzisukuma seli changa ziwe nyeupe. Waafrika wachache wanayo, kwa hiyo usikimbilie kuisingizia.

Wajapani waliofanyiwa utafiti walikaa kwenye nyuzi 17 kwa saa 2 kila siku, wiki 6, wakapungua mafuta kidogo. Wewe hapa Mwabungo, hata usiku wa kusi, nyuzi 17 utazipata wapi? Ndani ya friza ya samaki?

Tupige hesabu. Kupasha nusu lita ya maji ya barafu kunautoa mwili kalori kama 18. Kilo moja ya mafuta ni kalori 7,700. Kuimaliza ni chupa zaidi ya 400 za nusu lita! Na hamri moja linafuta kazi ya chupa kadhaa.

Kinachonitia hasira ni vidonge vya "kuyeyusha". Dawa moja, DNP, huvujisha mitokondria za mwili mzima, joto likapanda bila breki. Marekani miaka ya 1930 iliwatia watu mtoto wa jicho na kuua. 1938 ikatangazwa haifai kwa binadamu. Mtandaoni bado inauzwa.

Fanya hivi: soda acha, sukari ya chai punguza, mahamri mawili yawe moja, sima isijae sahani, tembea mpaka jasho likutoke, lala, pima sukari na presha. Uzito ukigoma, nenda Hospitali ya Msambweni uulizie dawa za uzito zilizopimwa. Zipo, ni ghali, na nyingi hukata hamu ya kula. Mafuta ya kahawia haziyategemei.