Ukishindwa katika rufaa ya kesi ya familia: gharama huhesabiwaje?

Hukumu nyingi za rufaa humalizika kwa maneno machache: rufaa imetupiliwa mbali, mrufani atalipa gharama. Jaji hataji kiasi. Baadaye mrufani hupokea bahasha kutoka kwa wakili wa upande wa pili, na ndani yake mna bili ndefu yenye jumla ya kumkosesha mtu usingizi. Kuna anayekimbilia kuuza ng'ombe. Kuna anayeiweka juu ya kabati akitumaini mambo yatapoa. Wote wawili wanajiumiza, kwa kuwa bili hiyo ni dai tu. Deni lenyewe hujulikana baada ya naibu msajili wa mahakama kuipitia kipengele kwa kipengele.

Jambo la kwanza ni kusoma amri yenyewe. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema gharama humfuata aliyeshinda, isipokuwa mahakama ikiwa na sababu nzuri ya kuamua vingine. Katika kesi za ndoa, malezi ya watoto na urithi, majaji mara nyingi huamua kila upande ujilipie, kwa kuwa watu hao watazidi kukutana kwenye harusi na matanga. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kanuni ya mshindi kulipwa si ya lazima, na kwamba jaji ana hiari ya kuangalia mazingira ya kila kesi. Ombi la kila mtu kujilipia linafaa kutolewa kabla ya hukumu kuandikwa, hata na anayejiwakilisha bila wakili.

Iwapo amri inasema gharama "za rufaa", basi ni za rufaa pekee. Gharama za kesi ya awali mbele ya hakimu au Kadhi huwa na amri yake na hesabu yake, na hazifai kuchomekwa katika bili ya Mahakama Kuu.

Hesabu hufuata Agizo la Malipo ya Mawakili, Jedwali la 6 kwa kesi za Mahakama Kuu. Kipengele kizito zaidi ni ada ya wakili kupokea na kushughulikia kesi. Hutozwa mara moja tu, hata rufaa ikichukua miaka. Kama mzozo ni wa mali ya ndoa, thamani inayoonekana katika hati za kesi au hukumu ndiyo msingi. Malezi ya mtoto hayana bei, kwa hivyo naibu msajili hutumia hiari yake akizingatia uzito wa jambo, kazi iliyofanyika na mwenendo wa pande zote. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya tangu mwaka 1972 kwamba gharama zisipandishwe hadi mahakama zikabaki kuwa za matajiri. Onyo hilo bado hutajwa mahakamani hadi leo.

Kipengele cha pili cha kuangaliwa kwa makini ni ada ya maandalizi, ambayo haipungui theluthi moja ya ada ya kwanza. Katika rufaa, ada hii hairuhusiwi hivi hivi. Ni lazima mahakama iwe imethibitisha mwishoni mwa usikilizaji kwamba ugumu wa kazi uliistahili. Bila uthibitisho huo, kipengele hicho kinapaswa kuondolewa. Ni ajabu jinsi warufani wengi wasivyoulizia jambo hili, ilhali ndilo linaloweza kupunguza bili kwa maelfu.

Yanayobaki ni madogo madogo: siku za kufika mahakamani, kuandika hati (hupimwa kwa kila maneno 100), nakala, kupeleka hati, usafiri na ada za korti. Fedha zilizotolewa mfukoni huhitaji risiti.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kuelezea tu. Bili inadai 120,000 za kushughulikia rufaa, 40,000 za maandalizi, 21,000 za kufika mahakamani mara 7, nakala 8,000, kupeleka hati 6,000, ada za korti 1,500 na usafiri 9,000. Jumla ni shilingi 205,500. Naibu msajili anashusha ada ya kwanza hadi 70,000. Ya maandalizi anaifuta. Faili inaonyesha wakili alifika mara 5, kwa hivyo anaruhusu 15,000. Nakala zinakuwa 5,000, kupeleka hati 2,800 kulingana na risiti, ada za korti zinabaki 1,500, na usafiri usio na risiti unatoka. Deni sasa ni 94,300, chini ya nusu ya lililodaiwa. Asiyefika siku hiyo huacha upande mmoja uzungumze peke yake.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 kumwandikia naibu msajili akitaja vipengele anavyopinga. Akishapewa sababu, ana siku 14 nyingine kupeleka pingamizi kwa jaji. Jaji haingilii kwa sababu tu kiasi kinauma. Hutafuta kosa la kanuni, au kiasi kilichopanda au kushuka kupita kiasi. Kukata rufaa zaidi ya hapo huhitaji kibali.

Mrufani asisahau wakili wake mwenyewe. Hilo ni deni jingine, na kiwango cha chini kati ya wakili na mteja huongezwa nusu ya kile cha jedwali. Makubaliano ya ada yawe ya maandishi na yatiwe sahihi.

Mahakama inaweza pia kuongeza riba isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka. Kwa deni la 94,300, hiyo ni hadi shilingi 13,202 kila mwaka wa kuchelewa. Deni lisipolipwa, mali inaweza kukamatwa, ingawa sheria hukinga mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia. Mdaiwa anaweza kuomba kulipa kwa awamu, na pande mbili zinaweza kukubaliana kiasi na kuandikisha mapatano hayo mahakamani hata kabla ya bili kupitiwa.

Shughuli hizi zote ziko chini ya Idara ya Mahakama, si serikali ya kaunti. Tarehe ya kupitia bili na nakala za amri hupatikana katika afisi ya msajili wa kituo kilichosikiliza rufaa. Mkaazi asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Aende na bili, hukumu na risiti zote.