Ndigana kali na seli za kinga

Ndigana kali humuua ng'ombe kwa kuziteka seli zilezile zilizowekwa mwilini kumlinda. Kimelea chake, Theileria parva, huingia na mate ya kupe wa masikio, kikapenya ndani ya limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazoendesha kinga, na kuzichochea zigawanyike bila kukoma. Seli ikigawanyika, nacho hugawanyika nayo. Mfugaji, awe wa Buhinyuza upande wa Muyinga, nchini Burundi, au wa Kiambu, nchini Kenya, huona kwanza tezi ya chini ya sikio imevimba. Kisha joto hupanda, mnyama huacha kula, mapafu hujaa maji na povu hutoka puani. Ng'ombe wa kisasa asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa ndani ya wiki chache.

Anayepona hubaki na kinga. Ilichukua karibu karne moja kujua kinachomlinda ni nini.

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu, yaani majimaji ya damu, ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda humkinga pia mnyama mwingine akidungwa. Kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya majimaji hayo ndicho leo kinachoitwa kingamwili. Miaka minane kabla ya hapo, huko Messina, Elie Metchnikoff alikuwa amechoma miiba kwenye lava wa kiti cha pweza, akaona seli zikija kuizingira. Akashikilia kwamba kinga ni kazi ya seli. Mabishano yalikuwa makali. Mwaka 1908 Metchnikoff na Paul Ehrlich, mtetezi wa kingamwili, waligawana Tuzo ya Nobel, lakini kwa miaka mingi baadaye seramu ndiyo iliyotawala fikra za watafiti.

Ndigana ilikuwa imekwisha kuonyesha kasoro ya fikra hizo. Ugonjwa ulipofika kusini mwa Afrika na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, Robert Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Alipendekeza ng'ombe wadungwe mara kwa mara damu ya wenzao waliopona. Haikusaidia kitu.

Sababu ilianza kueleweka katika miaka ya 1950 na 1960. Bruce Glick aligundua kwamba kuku aliyeondolewa kifuko kimoja kilicho karibu na njia ya haja hashindani vizuri na maradhi, kwa kuwa hatengenezi kingamwili. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo inayokuza kundi jingine la limfosaiti. Kukawa na seli B, zinazozaa kingamwili, na seli T. Mwaka 1974 Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waligundua, huko Canberra, jinsi seli T inavyoitambua seli iliyoambukizwa: lazima ione kipande cha adui kimeshikwa na alama ya mwili wenyewe. Doherty ni daktari wa mifugo, na aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya ILRAD, taasisi ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1973 kuchunguza magonjwa ya mifugo.

Hapo ILRAD Anthony Musoke na wenzake walipata kingamwili zinazokizuia kimelea kabla hakijaingia ndani ya seli. Kikishaingia, kingamwili hazikifikii tena. Jaribio lililomaliza ubishi lilifanywa kwa ndama pacha wa kufanana: seli T aina ya CD8 zilichukuliwa kwa pacha aliyekingwa zikatiwa mwilini mwa mwenzake, na huyo akastahimili maambukizi ambayo yangemuua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Koch alikuwa ametafuta kinga mahali isipokuwepo.

Chanjo yenyewe ilitangulia maelezo. Watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walikuwa wameitengeneza katika miaka ya 1970: ng'ombe hudungwa vimelea hai vya aina tatu pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, ili augue kidogo na seli zake T zijifunze. Sindano moja humkinga kwa miaka. Ila vimelea hivyo lazima vihifadhiwe katika naitrojeni iliyo kimiminika, jambo linaloifanya chanjo iwe ghali na ngumu kufikishwa vijijini.